Kushindwa Kuzuia Haja Kubwa: Pale Neva Zinapohusika

Mgonjwa mwenye tatizo hili ni nadra kulitaja kwa jina lake. Husema kwamba anaharisha, au kwamba tumbo limechafuka, au huomba dawa ya kuwashwa. Wakati mwingine ni muuguzi anayemsaidia kupanda kitandani ndiye anayegundua kwamba amekunja kipande cha khanga ndani ya nguo. Kwa sababu hiyo nimejizoesha kuuliza mwenyewe, bila kusubiri, hasa ninapomhudumia mwenye kisukari, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, au mama aliyejifungua kwa shida: "Je, hutokea choo au hewa ikakutoka bila wewe kutaka?" Wengi, kabla ya kujibu, hutazama kwanza kama mlango umefungwa.

Sababu za hali hii ni nyingi, na si zote zinazotokana na neva. Kuharisha kwa muda mrefu, kuchanika msamba wakati wa kujifungua, puru kutokeza nje, uvimbe au saratani, na hata dawa za kawaida zinaweza kuileta. Makala haya yanahusu zaidi zile zinazotokana na neva, kwa kuwa ndizo zinazosahaulika mara kwa mara, na kwa kuwa baadhi yake huweza kurekebishwa zikigunduliwa mapema na kumwachia mgonjwa ulemavu wa kudumu zikichelewa.

Jinsi mwili unavyozuia choo

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ni mfuko unaotanuka kinyesi kinapoingia. Chini yake, njia ya haja kubwa imezungukwa na misuli miwili ya mviringo. Msuli wa ndani hufanya kazi bila kuamriwa. Umejikaza usiku na mchana, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kufunga njia mtu anapokuwa ametulia au amelala. Msuli wa nje hutii amri: ndio tunaoukaza tukiwa ndani ya daladala na choo kiko mbali. Juu yake kidogo kuna msuli wa tatu, uliopita nyuma ya puru mithili ya kombeo na kuivuta kuelekea mbele, hata njia ikapinda kona. Kona hiyo husaidia sana kuzuia choo kigumu.

Msuli wa nje hupokea amri zake kupitia neva ya pudenda, ambayo nyuzi zake hutoka katika ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, kwenye mizizi ya sakramu ya pili, ya tatu na ya nne. Neva hiyohiyo huchukua hisia za ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa. Kibofu cha mkojo na viungo vya uzazi navyo hutegemea mizizi ileile. Ndiyo maana daktari anayechunguza tatizo la choo huuliza habari za mkojo na za tendo la ndoa. Maswali hayo si udadisi. Majibu yake humwonyesha neva zimeguswa mahali gani.

Kuna jambo moja katika mpango huu ambalo hunistaajabisha hadi leo, ingawa nimelifundisha mara nyingi. Kinyesi au hewa inaposhuka ndani ya puru, msuli wa ndani hulegea kidogo kwa muda mfupi na kuruhusu kiasi kidogo kugusa utando wenye hisi kali ulio karibu na mlango. Utando huo hupambanua: hii ni hewa, haya ni maji, hiki ni kinyesi kigumu. Wakati huo msuli wa nje umejikaza ukingoja uamuzi. Haya hutendeka mara nyingi kwa siku bila sisi kuyafikiria. Mgonjwa aliyepoteza hisi hiyo hukueleza bila kujua thamani ya maneno yake: "Nilidhani ni hewa tu." Maneno hayo yaandikwe kwenye faili kama yalivyosemwa.

Swali linalofungua njia

Kabla ya kipimo chochote, ulizeni: choo kinapotaka kutoka, unakisikia?

Mgonjwa anayesikia haja, akakimbia, lakini akashindwa kufika, kwa kawaida ana udhaifu wa msuli wa nje au wa neva inayouamrisha, au puru yake imekuwa na ukali kupita kiasi kwa sababu ya uvimbe au kuharisha. Mgonjwa asiyesikia chochote, akashtukia nguo zimelowa, ana tatizo la hisi au la msuli wa ndani. Wa tatu hujisafisha vizuri akatoka chooni, kisha baada ya muda huona uchafu kidogo. Huyu mara nyingi hakumaliza kutoa choo, au ana bawasiri au kovu linalozuia njia kufunga sawasawa. Makundi haya huingiliana, nami sidai kwamba kila mgonjwa ataingia katika moja tu, lakini swali hili moja hupunguza nusu ya giza.

Kisha ulizeni: tatizo lilianza lini, na lilianza ghafla au polepole? Choo ni kigumu, laini au majimaji? Chati ya Bristol yenye aina 7 za kinyesi husaidia hapa, kwani mgonjwa huonyesha picha kwa kidole badala ya kutafuta maneno. Je, mkojo unatoka vizuri? Kuna ganzi sehemu anayokalia? Miguu ina nguvu? Amewahi kuanguka, kupata ajali ya bodaboda, kufanyiwa upasuaji wa mgongo au wa njia ya haja kubwa? Mama aulizwe uchungu ulichukua muda gani, mtoto alikuwa mkubwa kiasi gani, na kama alishonwa. Aulizwe pia kinyesi kinatokea njia ipi. Kinyesi kikitokea ukeni, hiyo ni fistula, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Dawa zisisahaulike. Metformini, inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, huweza kuharisha. Nimewahi kuletewa mgonjwa kwa ajili ya "neva zilizokufa" ambaye alipona karibu kabisa kwa kupunguziwa dozi. Neva zake zilikuwa zimedhoofika kweli, lakini ziliweza kuzuia choo kigumu. Zilichoshindwa ni maji.

Mahali neva zinapokatika

Kwa mtu mzima, ugwe wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo, mizizi ya neva huning'inia kuelekea chini ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, na kwa umbo lake madaktari waliiita mkia wa farasi. Jeraha lililo juu ya ncha ya ugwe huleta picha moja, na jeraha lililo kwenye ncha yenyewe au kwenye mkia huo huleta picha nyingine.

Jeraha likiwa juu, mawasiliano na ubongo hukatika lakini sehemu ya chini ya ugwe hubaki hai. Misuli hukakamaa, njia hubaki imefungwa, na mgonjwa hukosa choo kwa siku nyingi hadi puru ijae na kujimwaga yenyewe bila ruhusa. Jeraha likiwa chini, misuli hulegea kabisa. Kidole hukuta mlango usio na nguvu, na kinyesi huvuja mtu anapokohoa, anapoinama au anapohamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Nilipokuwa daktari kijana katika hospitali moja ya mkoa, alikuja mwanamume wa makamo akilalamika kwamba anaharisha bila kujizuia kwa wiki kadhaa. Alitaja pia maumivu ya mgongo na miguu mizito, nami nikayaandika, kisha nikampa dawa ya kuzuia kuharisha. Sikumvika mgonjwa yule aibu ya kuchunguzwa kwa kidole, ndivyo nilivyojiambia. Kwa kweli niliona aibu mimi. Aliporudi alikuwa akishikwa mikono na ndugu wawili. Daktari mwenye uzoefu alivaa glavu, akapaka kilainishi, na kabla ya dakika moja kupita akatuambia kwamba puru imejaa kinyesi kigumu kama udongo uliokauka, na kwamba maji niliyoyatibu yalikuwa yakipenya pembeni mwake. Dawa yangu ilikuwa imeziba zaidi palipokuwa pameziba. Alipopitisha mkono juu ya mgongo, alikuta pingili moja imetokeza. Ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, kikiukandamiza ugwe. Mgonjwa alitibiwa, akaweza kutembea kwa mkongojo, na choo akakimudu kwa utaratibu maalumu. Siwezi kusema angekuwa na hali gani kama ningemchunguza siku ile ya kwanza, lakini wiki zile zilikuwa zake na mimi ndiye niliyezitumia.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo si ugonjwa wa nadra katika nchi zetu, na mgonjwa anaweza kuwa nao bila kukohoa hata kidogo. Kichocho nacho kinastahili kukumbukwa, hasa kwa vijana wanaoishi kando ya Ziwa Victoria na maeneo mengine yenye maambukizi. Mayai ya minyoo hiyo huweza kufika kwenye ncha ya ugwe na kusababisha uvimbe. Kijana huanza na maumivu ya kiuno, miguu hulegea, mkojo huziba, na choo kikapotea udhibiti, yote pengine katika siku au wiki chache. Prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe zinaweza kubadili hali hiyo zikitolewa mapema. Majeraha ya ajali za barabarani na ya kuanguka kutoka mitini hujieleza yenyewe. Kwa watoto, mgongo wazi huwa chanzo cha tangu kuzaliwa, na mzazi huanza kuona tatizo pale wenzake na mtoto wanapoacha nepi.

Kuna ulemavu mmoja wa miguu ambao kwa kawaida hauondoi udhibiti wa choo wala mkojo: konzo, utokanao na kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, kama ilivyotokea Tarime baada ya ukame mwaka 1985. Mgonjwa mwenye miguu iliyokakamaa na choo kisichozuilika asipewe haraka jina la konzo. Atafutiwe sababu nyingine.

Kisukari huharibu neva polepole, zile za hisi na zile zinazoendesha utumbo bila hiari yetu. Mgonjwa huharisha, mara nyingi usiku, hisi ya puru hupungua, na msuli wa ndani hulegea. Kwa kawaida miguu yake imeshatangulia kufa ganzi. Katika uzazi, mtoto akikaa muda mrefu njiani huivuta neva ya pudenda na kuidhoofisha, mbali na machaniko yanayoonekana. Mama anaweza kumudu choo chake kwa miaka mingi, mpaka misuli iliyokuwa ikisaidia inapochoka kwa umri ndipo tatizo linajitokeza. Anapoambiwa kwamba ni uzee, anaambiwa nusu ya ukweli.

Kiharusi na magonjwa ya kusahau yana namna yake. Mara nyingi mlango wenyewe ni mzima. Kilichopotea ni kutambua haja, kuisema, au kufika chooni. Kiti cha choo kando ya kitanda huweza kumsaidia mgonjwa huyu kuliko dawa.

Uchunguzi unaowezekana popote

Zahanati haina MRI, lakini ina kidole, glavu, kijiti cha pamba na macho ya mhudumu. Mgonjwa aelezwe kitakachofanyika na sababu yake, aridhie, na awepo mtu wa jinsia yake ndani ya chumba. Alale kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa.

Tazama kwanza: kuna uchafu kwenye ngozi, kovu, puru iliyotokeza, au mlango ulio wazi? Kisha gusa ngozi taratibu kwa pamba, pande zote mbili, ukimuuliza kama anasikia sawasawa. Pitisha kijiti haraka kando ya mlango. Kwa mtu mwenye neva salama, ngozi hujikunyata papo hapo. Kutojikunyata, hasa kukiandamana na ganzi, huelekeza kwenye mizizi ya sakramu, ingawa kwa wazee peke yake si ushahidi wa kutosha. Ingiza kidole kilichopakwa kilainishi. Nguvu unayoikuta mgonjwa akiwa ametulia ni hasa ya msuli wa ndani. Mwambie, "Kaza kana kwamba unazuia hewa," na nguvu inayoongezeka ni ya msuli wa nje. Mwambie akohoe, msuli unapaswa kujikaza wenyewe. Mwisho, tafuta kinyesi kigumu, uvimbe, au damu kwenye glavu.

Uchunguzi usiishie hapo. Pima nguvu na hisi za miguu, gonga kano za magoti na za vifundo, pitisha mkono juu ya uti wa mgongo pingili kwa pingili, na gusa tumbo la chini kama kibofu kimejaa. Vipimo vya damu vya kuanzia ni sukari, VVU na kaswende, na kiwango cha vitamini B12 panapowezekana. Picha ya X-ray ya mgongo yaweza kuonyesha pingili zilizoharibika, lakini ikiwa safi haiondoi shaka.

Dalili zisizosubiri kesho

Mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno ambaye ghafla anapata ganzi sehemu zinazogusa tandiko mtu anapopanda baiskeli, akashindwa kukojoa au kuanza kuvuja mkojo bila kujua, akapoteza udhibiti wa choo, au miguu yote miwili ikaanza kulegea, huenda mkia wake wa farasi umekandamizwa, na diski iliyohama, usaha, uvimbe au mfupa uliovunjika ndicho chanzo. Hii ni dharura ya upasuaji, nayo hupimwa kwa saa. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye MRI na daktari bingwa wa upasuaji wa mgongo. Kama mkojo umeziba, awekewe mpira kabla ya safari, na kiasi kilichotoka kiandikwe. Zaidi ya mililita 200 zikibaki kibofuni baada ya mgonjwa kujaribu kukojoa, shaka huongezeka. Asirudishwe nyumbani na dawa za maumivu ili aonekane wiki ijayo.

Vipimo vya hospitali kubwa, na matibabu kwa ufupi

MRI ya uti wa mgongo ndiyo inayoonyesha ugwe na mizizi vizuri zaidi. Ultrasaundi inayofanyika ndani ya njia ya haja kubwa huonyesha kama msuli umechanika, jambo ambalo daktari lazima alijue kabla ya kuilaumu neva. Manometria hupima shinikizo la misuli na kiasi cha hewa ndani ya puto ambacho puru inaanza kukihisi. Kipimo cha kasi ya neva ya pudenda kiliwahi kuthaminiwa sana. Leo wengi wetu hatukitegemei, kwa sababu majibu yake hayalingani vizuri na hali ya mgonjwa. Ukali wa tatizo hupimwa kwa alama za Wexner, kuanzia 0 hadi 20, kwa kuuliza juu ya choo kigumu, choo cha maji, hewa, matumizi ya pedi na jinsi maisha yalivyobadilika. Hazihitaji mashine yoyote, na zikiandikwa kila mgonjwa anapokuja zitaonyesha kama matibabu yanasaidia.

Chanzo kikitibika, kitibiwe. Kisipotibika, kazi hubaki kuwa ya kuipa puru ratiba. Utumbo husukuma zaidi baada ya chakula, hivyo mgonjwa akae chooni kila siku takriban nusu saa baada ya kifungua kinywa. Mwenye jeraha la juu ya ncha ya ugwe huweza kuamsha puru kwa kidole chenye glavu na kilainishi, akizungusha taratibu. Ikiwa jeraha lake liko kifuani penye pingili ya sita au juu zaidi, ajihadhari: maumivu ya kichwa ya ghafla na jasho katikati ya zoezi maana yake ni kusimama mara moja, kukaa wima na kupima presha. Mwenye jeraha la chini hulazimika kutoa kinyesi kwa kidole, na hufaidika choo kikiwa kigumu kiasi. Loperamidi husaidia wenye choo chepesi, baada tu ya kidole kuthibitisha kwamba puru haijaziba. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga hufaa pale ambapo neva bado zina uhai. Ngozi ioshwe kwa maji bila kusuguliwa, ikaushwe, na ipakwe mafuta mazito kama vaselini.

Barua ya rufaa isiandikwe "anaharisha" wala "hajizuii" pekee. Mpokeaji anahitaji kujua mambo haya: tatizo lilianza lini, mgonjwa anasikia haja au hasikii, mkojo wake ukoje, ngozi ina ganzi au haina, kidole kimekuta nini, na miguu ina nguvu kiasi gani. Mistari sita inatosha, nayo huamua kama mgonjwa atapelekwa kwenye MRI siku anayofika au atapangiwa foleni ya kliniki.